Betri inaisha haraka kwenye Linux? Pima kwanza, lawama baadaye

Leo tuache siasa kidogo tuongelee kitu kinachogusa mfuko na muda wa kijana yeyote mwenye laptopu, au anayedunduliza hela akanunue: betri.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Laptopu nyingi za mtumba, hasa zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8, hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Mashine ni nzima, kioo safi, kibodi inaandika, lakini mwenye Windows anakwambia katafute nyingine. Ndipo watu wanapohamia Linux, iwe Ubuntu, Linux Mint au Fedora. Ni bure, ni nyepesi, na mashine inafufuka. Wiki haijaisha malalamiko yanaanza: "Jamani, hii Linux inakula betri!"

Je, ni kweli? Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi betri yenyewe ilishachoka kabla hujaweka Linux. Na mara nyingine tena, Linux haina kosa ila kuna kitu kimoja tu kinachochoma umeme kimya kimya, na mwenye mashine hakijui. Tatizo ni kwamba hali hizi tatu, kwa macho, zinafanana kabisa. Wewe unaona asilimia zinashuka basi. Unaingia mtandaoni, unakuta mtu kaandika amri kumi na mbili, unazinakili zote, unabandika, na kesho yake mausi inagoma au waifai inakatika. Betri nayo ni ileile.

Kwa hiyo leo hatuanzi na amri za kubana matumizi. Tunaanza na kupima. Kwetu huku umeme ukikatika ukiwa katikati ya kuandika maombi ya kazi au ripoti ya chuo, tofauti ya saa moja na nusu kwenye betri si mchezo. Waliopitia mgao wa 2006 na 2011 hapa Tanzania, au ndugu zetu Wakenya waliolala gizani usiku wa 25 Agosti 2023, hawahitaji kuelezwa.

HESABU YENYEWE NI NDOGO TU

Betri ni kama dumu la maji. Ukubwa wa dumu unapimwa kwa wati-saa, ambazo kompyuta huziandika Wh. Bomba linalotoa maji linapimwa kwa wati, yaani W. Gawa dumu kwa bomba, unapata saa.

Mfano: betri ina wati-saa 48 na laptopu inakula wati 12. Utakaa saa 4. Ukifanikiwa kushusha matumizi hadi wati 8, betri ileile itakupa saa 6. Hujanunua kitu, umeongeza saa 2.

Sasa chukua betri iliyochoka, iliyobaki na wati-saa 30. Kwa wati 12 unapata saa 2 na nusu. Kwa wati 8 unapata saa 3 na dakika 45. Umeona? Hata kwa betri mzee kuna faida. Lakini pia umeona kwamba hakuna amri yoyote duniani itakayorudisha zile wati-saa 18 zilizokwishapotea. Hiyo ni kemia, haibembelezwi.

Ndiyo maana swali la kwanza si "nifanye nini?" Swali ni: dumu langu limebaki na ukubwa gani, na bomba langu linatoa kiasi gani?

JINSI YA KUPIMA

Chomoa chaja. Fungua terminali, kwa Ubuntu na Mint ni Ctrl+Alt+T kwa pamoja. Andika:

upower -i $(upower -e | grep BAT)

Itakuletea mistari mingi. Usitishike, unayoihitaji ni minne tu. Inaweza kuonekana hivi:

energy-full: 31.2 Wh
energy-full-design: 48 Wh
energy-rate: 11.8 W
capacity: 65%

Mstari wa pili ni ukubwa wa dumu lilipotoka kiwandani. Wa kwanza ni ukubwa wake leo likijazwa pomoni. Wa nne ni ulinganisho wa hayo mawili: 31.2 ukigawa kwa 48 unapata asilimia 65, maana yake betri imepoteza zaidi ya theluthi ya uwezo wake. Wa tatu ndiyo bomba: sasa hivi laptopu inakula wati 11.8.

Hapa wengi wanachanganya mambo. Ile asilimia unayoiona pembeni ya saa kwenye skrini ikiandika 100 haimaanishi betri ni nzima. Inamaanisha dumu limejaa. Dumu la lita 5 likijaa limejaa, hata kama zamani lilikuwa la lita 20.

Ukishapata namba zako, ziandike kwenye karatasi au kwenye simu. Halafu pima bomba mara tatu: laptopu ikiwa imetulia bila kitu kilichofunguliwa, ukiwa unaandika na kuperuzi, na ukiwa unatazama video. Kila mara subiri dakika mbili tatu namba itulie. Hapo una picha kamili, na kila utakachobadilisha baadaye utajua kimesaidia au hakijasaidia.

KWA WALE AMBAO BADO HAWAJANUNUA

Wewe unayesoma hapa intaneti kafe na bado unapiga hesabu za laptopu ya mtumba, sehemu hii ni yako. Kipimo hicho unaweza kukifanya dukani kabla ya kutoa hela, hata kama laptopu ina Windows au haina chochote. Kinachotakiwa ni fleshi yenye Linux ndani.

Faili la Linux Mint ya Xfce ni karibu GB 3, kwa hiyo fleshi ya GB 8 inatosha. Mwombe mhudumu wa kafe ruhusa kwanza maana kulishusha ni kazi nzito kwa laini yao. Kama kompyuta ya kafe ni ya Windows, programu ya Rufus italiandika kwenye fleshi, na Rufus yenyewe haihitaji kusakinishwa. Kumbuka tu: kila kilichokuwa kwenye fleshi kitafutika.

Dukani, chomeka fleshi, washa laptopu huku ukibonyeza F12 mfululizo kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP. Chagua fleshi kwenye orodha itakayotokea. Linux itawaka moja kwa moja kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski ya mwenye duka, kwa hiyo hana sababu ya kukasirika. Chomoa chaja, fungua terminali, andika ile amri ya upower. Muuzaji akikwambia "betri mpya kabisa hii" na skrini inaandika capacity asilimia 41, mazungumzo ya bei yanaanza upya hapo hapo.

Lakini tahadhari. Namba hizo zinatoka kwenye kijichipu kilichomo ndani ya betri, na betri bandia au iliyochakachuliwa inaweza kudanganya. Kwa hiyo ongeza jaribio la dakika 15. Soma asilimia, acha laptopu ikiwaka bila chaja, endelea kuikagua vioo na matundu ya USB, halafu soma tena. Laptopu inayokula wati 10 kwa dakika 15 inatumia wati-saa 2.5. Kama betri inasema ina wati-saa 31, ilitakiwa ishuke kama asilimia 8. Ikishuka asilimia 25, unadanganywa. Na kama inazimika ghafla ikiwa bado inaandika asilimia 40, rudisha mahali pake, sema asante, ondoka.

WATI ZINAKWENDA WAPI?

Haya, tuseme laptopu unayo, umepima, na bomba linatoa maji mengi kuliko inavyotakiwa. Tuanze na walaji wakubwa, tushuke hadi wadogo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na upime kila baada ya badiliko. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua kipi kilichokusaidia na kipi kilichokuharibia.

Mlaji wa kwanza: skrini. Laptopu ikiwa imetulia, skrini ni miongoni mwa vitu vinavyokula zaidi. Shusha mwanga hadi pale macho yako yanaposoma bila kukazana. Hakuna amri wala utundu hapa, ni vibonye viwili vya kibodi, na faida yake mara nyingi inapita amri zote zilizobaki. Kuhusu ile sura nyeusi ambayo watu husifia kwamba inaokoa betri: inasaidia kwenye skrini za OLED tu. Kwenye skrini za kawaida za LCD, ambazo ndizo zimejaa kwenye laptopu za mtumba, taa ya nyuma inawaka vilevile hata ukiweka picha nyeusi tii.

Mlaji wa pili: brauza. Ukurasa mmoja wenye matangazo yanayocheza cheza unaweza kuifanya prosesa isipumzike hata sekunde. Fungua terminali, andika top, uangalie jina gani limekaa juu na linakula asilimia ngapi za prosesa. Ukikuta brauza imeganda pale juu wakati wewe huisomi, funga kurasa usizozitumia. Kuwa na kurasa 30 wazi "nitazisoma baadaye" ni kulipa kodi ya nyumba usiyolala.

Mlaji wa tatu: video. Hapa ndipo Linux ilipopata jina baya, na kwa haki kabisa. Ndani ya chipu ya picha kuna sehemu maalumu ya kufungua video kwa umeme kidogo. Kwa miaka mingi brauza za Linux hazikuitumia sehemu hiyo bila kulazimishwa, zikaibebesha prosesa kazi yote. Feni inalia, laptopu inachemka, betri inakwisha. Hali imebadilika: Firefox 115 ya Julai 2023 ilianza kuitumia yenyewe kwa chipu za Intel, na Firefox 136 ya Machi 2025 ikafuata kwa za AMD. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusasisha Firefox yako.

Hatua ya pili ni draiva. Kwenye Ubuntu na Mint andika:

sudo apt install vainfo
vainfo

Ukiona mistari yenye VAProfileH264 na mwishoni VAEntrypointVLD, chipu yako ipo tayari kufungua video za H.264. Ukiona ujumbe wa kosa tu, kwa Intel za kizazi cha 5 kuendelea sakinisha kifurushi cha intel-media-va-driver, na kwa za zamani zaidi i965-va-driver, halafu jaribu tena.

Kuna mtego mwingine kwa wenye mashine za zamani. YouTube hupendelea kutuma video kwa kodeki za VP9 na AV1. Chipu za Intel zilianza kufungua VP9 kikamilifu kuanzia kizazi cha 7. Ukiwa na laptopu ya kizazi cha 4 au cha 5, hata draiva ikiwa safi, VP9 itarudi kwa prosesa. Suluhisho ni kiongezi cha brauza kiitwacho enhanced-h264ify, kinachoiambia YouTube itume H.264. Na kama video umeshaishusha, ifungue kwa programu ya mpv hivi:

mpv --hwdec=auto jina-la-video.mp4

Pima wati kabla na baada. Hapa tofauti huwa unaisikia hata kwa mkono, laptopu inapoa.

Mlaji wa nne: kadi ya NVIDIA. Baadhi ya laptopu zina chipu mbili za picha, moja ndogo ya Intel au AMD na moja kubwa ya NVIDIA ya magemu. Kama ile kubwa inabaki macho muda wote wakati wewe unaandika barua tu, umeajiri lori kubeba mkate. Kwenye Ubuntu yenye draiva rasmi za NVIDIA na prosesa ya Intel, andika:

sudo prime-select intel

Washa upya laptopu, pima. Ukitaka magemu, andika sudo prime-select nvidia na uwashe upya tena.

Walaji wadogo: Bluetooth usiyoitumia, modemu au diski ya nje iliyosahaulika kwenye USB, taa za kibodi. Kila mmoja anachukua kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojaa si chako. Bluetooth izime hivi:

rfkill block bluetooth

PROGRAMU ZA KUSAIDIA: CHAGUA MMOJA AWE DEREVA

Linux za siku hizi zina mpangilio wa matumizi ya umeme tayari. Kwenye Ubuntu mpya bonyeza ile pembe ya juu kulia yenye alama ya betri, utaona mpangilio wa kubana umeme. Kwa terminali ni:

powerprofilesctl set power-saver

Kwa wengi hiyo inatosha kabisa. Ipo pia programu inaitwa TLP, inayoingia ndani zaidi: inapanga prosesa, diski, waifai na vifaa vya USB kila unapochomoa chaja, bila wewe kugusa kitu. Inasakinishwa hivi:

sudo apt install tlp
sudo tlp start

Angalizo kubwa: usiache power-profiles-daemon, yaani ile ya kwanza, na TLP zifanye kazi pamoja. Zote mbili zinataka kushika usukani uleule. Na Fedora kuanzia toleo la 41 la mwaka 2024 inatumia tuned badala ya ile ya kwanza, kwa hiyo maelekezo ya Ubuntu usiyahamishie kule bila kuangalia.

Halafu kuna PowerTOP, kutoka kwa watu wa Intel, iliyotoka mwaka 2007. Historia yake inafundisha. Zamani keneli ya Linux ilikuwa inaiamsha prosesa mara 100, 250 au hata 1000 kwa sekunde kutegemea ilivyoundwa, hata kama hakuna kazi. Ni kama mlinzi anayekugongea mlango usiku kucha kukuuliza kama umelala. Keneli 2.6.21 ya mwaka huohuo wa 2007 ndiyo iliyoanza kuacha tabia hiyo. Ndipo PowerTOP ikaonyesha kwamba hata baada ya keneli kutulia, programu za kawaida nazo zilikuwa zinaiamsha prosesa bure. Watengenezaji wakaanza kuzirekebisha moja baada ya nyingine. Umeona? Walipima kwanza, wakarekebisha baadaye.

Iendeshe bila chaja kwa amri ya sudo powertop. Ukurasa wa kwanza unaonyesha nani anaiamsha prosesa mara nyingi. Ipo pia amri ya sudo powertop --auto-tune inayobana kila kitu kwa mkupuo. Inasaidia, ila inaweza kuilaza mausi au kibodi ya USB kila ukisita kidogo. Ikikuudhi, washa upya laptopu tu, maana mabadiliko hayo hayadumu.

DAWA ZILIZOPITWA NA WAKATI

Kwenye mtandao ushauri haufi. Unaweza kukutana na maandishi ya 2008 yakaonekana kama ya jana. Mawili ya kujihadhari nayo:

La kwanza ni la kuilaza diski ngumu kwa amri ya hdparm. Mwaka 2007 watumiaji wa Ubuntu waligundua kwamba mpangilio mkali wa kubana umeme ulikuwa unafanya vichwa vya diski vipande na kushuka kila baada ya sekunde chache, na diski ina idadi ya mara inazoweza kuvumilia. Unaokoa kijisehemu cha wati, unaua diski yenye kazi zako zote. Na kama una SSD, ushauri huo haukuhusu hata kidogo, haina kinachozunguka.

La pili ni la kuongeza pcie_aspm=force kwenye mistari ya kuwashia keneli. Lilikuwa na maana yake mwaka 2011, keneli 2.6.38 ilipotoka na laptopu nyingi zikaanza kula umeme zaidi. Tatizo lilirekebishwa kwenye keneli zilizofuata. Leo kulazimisha kunaweza kukuletea laptopu inayoganda bila sababu. Kabla ya kubandika amri yoyote, tafuta tarehe ya aliyeiandika.

UMEFUNIKA LAPTOPU, ASUBUHI BETRI SIFURI

Hili nalo linalalamikiwa sana. Umefunika laptopu ikiwa na asilimia 80 usiku, asubuhi imekufa. Andika:

cat /sys/power/mem_sleep

Ukiona [s2idle] deep, maneno yaliyo kwenye mabano ndiyo yanayotumika. Hiyo s2idle ni usingizi wa kusinzia, vifaa vingi vinabaki nusu macho. deep ni usingizi mzito, karibu kila kitu kinazimwa isipokuwa kumbukumbu. Hifadhi kazi yako kwanza, halafu jaribu:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Funika, subiri, funua. Ikiamka vizuri, ijaribu usiku mzima ukiandika asilimia za kabla na baada. Ukiwasha upya, mpangilio unarudi wa zamani, kwa hiyo jaribio halina hatari ya kudumu. Ukiona s2idle peke yake, mtengenezaji hakuuacha ule usingizi mzito wazi. Pitia BIOS kama kuna chaguo la usingizi. Kwenye baadhi ya ThinkPad liko humo na limeandikwa Linux. Pasipo hivyo, zima laptopu unapokwenda kulala. Yenye SSD inawaka haraka tu.

KUTUNZA DUMU LENYEWE

Betri za lithiamu ziliingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, mwaka uleule Linus Torvalds alipotangaza Linux. Waliozigundua, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2019. Betri hizi zina maadui wawili wakubwa: joto, na kukaa zimejaa pomoni muda mrefu. Sasa fikiria laptopu iliyochomekwa chaja kutwa, juu ya godoro, matundu yamezibwa, kwenye chumba cha Dar mwezi wa Januari. Maadui wote wawili wako mezani.

Kwanza, iweke juu ya meza au hata ubao, hewa ipite. Pili, kama mashine yako inaruhusu, iambie iache kuchaji ikifika asilimia 80. ThinkPad nyingi zinaruhusu, na baadhi ya Asus na Dell. Kwa wenye TLP, fungua faili /etc/tlp.conf, tafuta mistari hii, ondoa alama ya # mwanzoni, iwe hivi:

START_CHARGE_THRESH_BAT0=75
STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80

Hifadhi, andika sudo tlp start, halafu sudo tlp-stat -b kuhakikisha imekubali. Wenye GNOME 48 ya Machi 2025 kuendelea watakuta chaguo hilo kwenye mipangilio ya umeme bila amri yoyote, ilimradi laptopu yenyewe inaliunga mkono.

Hapa lazima tuwe wakweli. Ushauri wa asilimia 80 umeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Kwako wewe, ile asilimia 20 iliyobaki inaweza kuwa ndiyo dakika 40 za kumalizia kazi. Fanya hivi: siku za kawaida acha kwenye 80. Ukisikia mtaani kuna matengenezo ya laini au mgao umeanza, jaza mara moja kwa amri hii:

sudo tlp fullcharge

Na jambo la mwisho, hili si la wati ni la usalama. Ukiona laptopu inanyanyuka katikati, kibodi imetuna, au haifungi vizuri kama zamani, betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiitoboe, usiibonyeze irudi. Mpelekee fundi. Betri ya lithiamu ikishika moto haina mzaha.

KWA KIFUPI

Pima ukubwa wa dumu. Ikiwa capacity iko chini ya asilimia 50, kubana matumizi kutakusaidia, lakini anza kutafuta hela ya betri na usiilaumu Linux. Ikiwa betri ni nzima na bomba linatoa wati nyingi ukiwa umetulia, anza na skrini, brauza, kisha kadi ya NVIDIA. Ikiwa linaruka ukitazama video tu, shughulika na draiva na kodeki. Chagua programu moja ya kusimamia umeme. Na kila badiliko, pima tena.

Hakuna uchawi hapo, wadau. Ni namba mbili na kugawanya. Ukishajua namba zako, hakuna muuzaji, fundi wala mtaalamu wa mtandaoni atakayekuingiza mjini.

Waliojaribu watupie namba zao hapo chini: aina ya laptopu, wati za kabla, wati za baada, na ulichobadilisha. Namba ya mmoja inaweza kumwokolea mwingine hela ya betri. Tuko pamoja.